Mguu wa Mke Wangu Umeanza Kunidanganya

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, na kama lazima ucheke basi cheka kwanza umalize ndipo uendelee kusoma, kwa sababu hata mdogo wangu nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Mimi ni DJ wa klabu na pia natengeneza muziki wangu mwenyewe kwa kompyuta, kazi niliyoianzia kwenye kibanda cha mjomba wangu fundi redio, ambako redio za wateja zilikuwa zinajaribiwa zote kwa pamoja, hii inaimba rumba, ile kwaya, nyingine inasoma habari, na mimi nikakua nikidhani muziki wote duniani ndivyo ulivyo, umechanganyika. Nikapiga kwenye harusi kwa spika za kuazima, nikaingia klabu, nikapata jina kwa midundo ya kasi, ile ya kumloanisha mtu jasho mpaka soksi.

Sasa siri yangu ni hii. Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea pale pale sebuleni, na kompyuta yangu iko pembeni yake, na tangu tuoane niligundua kwamba wimbo ukiwa mzuri kweli mguu wake unaacha mwendo wa kazi na kushika mdundo wangu kwenye kanyagio, bila yeye mwenyewe kujua, na wimbo ukiwa mbovu mguu unaendelea na mambo yake. Basi nikaufanya huo mguu ndio mwalimu. Uliposhika, wimbo niliutoa. Ulipokataa, niliufuta, na sijawahi kujuta.

Kilichoniponza ni mdomo. Nilihojiwa redioni, nikaulizwa ni nani aliyenifundisha, na wenzangu huwa wanataja wasanii wakubwa wa ng'ambo, mimi kwa kutaka sifa nikasema, "Mwalimu wangu ni mguu wa mke wangu," nikaeleza yote, kumbe yeye anasikiliza huku wateja wamejaa sebuleni, wakacheka, naye akacheka. Tangu siku hiyo kila ninachopiga mguu unacheza. Nilimpigia wimbo niliouharibu makusudi, nimeweka mlango unaokwaruza na sufuria inayoanguka, mguu ukacheza nao. Mapazia ya jirani yetu yamerudishwa, upindo umepinda kama njia ya ng'ombe. Nikimuuliza ananijibu, "Nzuri tu, mume wangu. Zote nzuri."

Na haya yamenikuta wakati mbaya, kwa sababu nimechoka na kasi, nataka kupunguza mwendo na kurudisha zile tarumbeta na magitaa ya rumba ya kibandani kwa mjomba, na mwenye klabu amenipa Jumamosi nzima niuzindue huo muziki mpya, ila ameniambia wazi kwamba watu wakikaa chini narudi kwenye mambo yangu ya zamani na hataki kusikia tena habari za tarumbeta. Sijui kama nilichotengeneza ni muziki au ni uzee unaniingia. Nakutumia wimbo mmoja usikilize. Naogopa, mshauri.

Ni mimi, DJ Aliyepotelewa na Mguu

Mshauri anajibu:

Pole, mwanangu. Nimeshamaliza kucheka, sasa tusemezane. Ulioa mke au ulinunua mizani? Mwanamke amekaa pembeni yako miaka yote hiyo, ana masikio yake na mdomo wake, wewe ukaenda kumchungulia unyayo. Halafu leo unalalamika kwamba mguu unakudanganya. Mwenye mguu anakupenda, na wewe umemtia hofu. Umemtangazia redioni, mbele ya wateja wake, kwamba yeye akisita wimbo unafutwa. Ungekuwa wewe, ungethubutu kuusimamisha huo mguu? Masikini, anakanyaga ili usikose kazi, mpaka anaharibu mapazia ya watu. Mimi hapo ndipo kicheko kiliponiishia.

Hilo la kutaka kubadilika lisikutishe. Mtu aliyelelewa na redio zinazoimba kila moja lake hawezi kukaa kwenye mdundo mmoja mpaka aote mvi. Lakini hofu ya Jumamosi ni yako. Ibebe mwenyewe, usimpachike mwenzako kwenye kanyagio.

Nenda kwa jirani ukaombe radhi kwa yale mapazia, wewe, si yeye. Ukirudi nyumbani, mwambie mkeo aiache cherehani kidogo, akae karibu yako, mpigie huo wimbo, na usithubutu kumuuliza kama ni mzuri, maana anayekupenda atakujibu ni mzuri hata ukimpigia sufuria. Muulize hivi: "Ingekuwa nguo, ungefumua wapi?" Fundi hawezi kulikwepa swali hilo. Akikuonyesha mahali, fumua, na usimnunie. Na Jumamosi uende naye klabu, kwa sababu katika barua yako yote ndefu sijaona mahali uliposema amewahi kukuona kazini.

Wimbo uliotuma nimeusikiliza hapa ofisini, mlango wazi, mhariri akipita. Mguu wangu ulifanya nini sikwambii ng'o. Wa kuulizwa ni mkeo.