Tai wa Krossey

Langey,
Mwanzoni mwa Julai

Dada yangu mpendwa Sigurlaug,

Pokea salamu za sisi wote wa Langey, wenye miguu miwili na wenye minne. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la Kopenhageni halijakuyeyusha, maana huku masweta tumeyavua juzi tu. Sisi hatujambo. Mbwa amezaa, na paa la ghala halikung'olewa na upepo mwaka huu. Baba goti linamsumbua akipanda ngazi, ila hataki lisemwe, kwa hiyo nimekwambia wewe tu.

Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Dada, haya nikiyasema kwa mdomo nitalia, nawe utanihoji kama polisi, halafu nitasahau lililo muhimu. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza. Kaa kitako basi, weka maji ya kahawa jikoni, unisikilize.

Mwezi wa nne tai walirudi Krossey, kile kisiwa chetu kidogo ambako bata hutaga kwa wingi na manyoya yao ya kifuani, tunayoyaokota viotani na kuyauza, ni laini kuliko ya kwingine kote. Unamjua Baba. Tai hamwiti tai, anamwita "yule mwizi." Unamkumbuka pia Babu, alivyokuwa akibeba magogo yaliyoletwa na bahari, akayapanga juu ya mwamba wenye kiota na kuyawasha, ili tai akirudi akute jiwe jeusi tu. Enzi zile watu walimshukuru kwa hilo mlangoni mwa kanisa. Siku hizi ni kosa la kufikishwa mahakamani, na Baba anaona sheria hiyo ilitungwa na watu wasiowahi kumkuta bata wao amepasuliwa kifua.

Sihitaji kukukumbusha maneno yenu ya mwisho pale mezani. Wewe ulisema tai aliishi hapa kabla bata hawajawa na mwenyewe. Yeye akakujibu, "Basi nenda ukale kwa tai." Ukaenda, si kwa tai ila Denmark, na tangu hapo hakuna aliyemtafuta mwenzake. Mimi ndiye daraja lenu, na nakwambia kweli, nimechoka kukanyagwa pande zote mbili.

Basi siku alipowaona wakijenga, Baba alirudi nyumbani akala samaki na viazi bila siagi wala neno. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilimwuliza kama anaumwa, akasema hapana. Nilimwuliza kama amewaona, akasema chumvi iko wapi.

Siku chache baadaye niliamka asubuhi, mvua ya theluji inapiga madirisha, boti haipo. Nilikwenda ghalani. Kopo la mafuta ya taa halikuwa kwenye msumari wake, na yale matita ya kuni tuliyoyakausha kwa ajili ya kukaushia nyama kwa moshi yalikuwa yamepungua. Nikajua. Boti nyingine ilikuwa juu nchi kavu, imegeuzwa kifudifudi inangoja kupakwa lami, hivyo sikuweza kumfuata. Nilisimama gatini nikitazama upande wa Krossey nione kama kuna moshi, na theluji ilikuwa nzito kiasi kwamba sikuona hata maji.

Nikwambie ukweli, wakati ule sikumwonea huruma ndege. Nilimwonea Baba. Nilimwona mbele ya hakimu akiwa na koti lake la maziko, maana jingine hana, na jina lake magazetini, na wewe huko ukisoma na kusema, unaona sasa. Nilijua ungemfungia moyo wako moja kwa moja. Nikaamua kwamba kama amekichoma kiota, nitaapa tulishinda pamoja nyumbani tukishona nyavu.

Alirudi mchana, ameloa chepechepe. Alilitundika kopo, akaenda kulala na soksi zake. Sikumwuliza kitu. Nilikwenda ghalani nikalishika lile kopo, lakini niliogopa kulitikisa.

Wiki hiyohiyo alifika ofisa wa hifadhi kutoka bara, mama mmoja anaitwa Ragna, ana kucheka kwingi na buti kubwa. Alisema ofisi yao imepigiwa simu kuhusu kiota cha Krossey, ila hakumtaja aliyepiga. Nilishika ukingo wa meza nikingoja aseme majivu. Akasema mama tai amelala juu ya mayai vizuri kabisa, amemwona kwa darubini, na kwa hiyo Krossey imefungwa: hakuna wa kukanyaga pale mpaka kinda aruke, hata sisi wenyewe. Dada, nilimmiminia kahawa mpaka ikafurika kwenye kisahani. Baba alikuwa anatazama nje dirishani. Aliuliza kitu kimoja tu, kama manyoya ya mwaka huu ya Krossey ndiyo yamepotea. Ragna akakiri kwamba ndivyo, na kwamba anasikitika. Baba akasema sawa.

Hiyo sawa yake ilinitisha kuliko matusi.

Hapo ndipo visiwa vyote vilipoanza kutafuta aliyepiga simu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, nalo lilikuja likamwangukia Bergur, jirani yetu, kwa kuwa anapeleka wageni kutazama ndege. Bibi Thorgerd alitangaza dukani kwamba mtu anayekula kwa kuonyesha ndege hawezi kukosa kuwauza wenzake. Vijana wakawa wanamwuliza Bergur leo amemshtaki nani, shomoro? Mwanzoni alicheka nao. Halafu siku moja aliingia gatini na upepo wa ubavuni, akarusha kamba, na hakuna aliyeipokea. Wewe umezaliwa hapa, unajua maana yake. Kwetu kamba ya mtu hupokewa hata kama asubuhi mmetukanana. Ile ya Bergur iliangukia majini, boti yake ikagonga nguzo, na wanaume wanne walisimama wakitazama mawingu. Baba alikuwa mmojawao, mikono mfukoni.

Nilimwonea aibu siku ile.

Mwezi wa sita tukakusanya manyoya kwenye visiwa vingine. Baba anapomwinua bata kwenye mayai bado humnong'oneza, "Samahani bibi, mara moja tu," halafu humrudisha juu ya nyasi kavu kama anayemlaza mtoto. Nilikuwa namtazama nikijiuliza, mikono hii ilikwenda kufanya nini Krossey na kopo la mafuta?

Jibu nimelipata Jumapili iliyopita. Baada ya ibada tulikuwa kwenye kahawa ya kanisani, zile chapati nyembamba za sukari zinapita, na Ragna akaja kutuarifu kwamba kinda ameanguliwa na anakula vizuri. Mmoja wa vijana akanyanyua kikombe akamwambia Bergur, "Hongera, baba mtoto." Watu wakacheka. Bergur akaweka chini chapati yake, akaanza kutafuta kofia.

Baba akasimama. Alijishikilia kwenye kiti kwa ajili ya goti.

"Kaa, Bergur," alisema. "Aliyepiga simu ni mimi."

Bibi Thorgerd alimwuliza kama amelewa. Baba akasema angependa iwe hivyo. Kisha akaeleza yote, taratibu, akitazama kitambaa cha meza. Alikwenda Krossey na kuni na mafuta, kufanya alichofanya baba yake. Alipanda mwamba kwenye theluji. Alitarajia tai aruke, hakuruka. Theluji ilikuwa imemjaa mgongoni, mabawa ameyatandaza kidogo juu ya mayai, anamtazama.

"Nimewainua bata maisha yangu yote," Baba alisema. "Namjua ndege aliyekubali kufa juu ya mayai yake. Yule mwizi alikuwa amekubali. Nikashindwa. Lakini najijua pia. Nikajua theluji ikiisha, nikimkuta bata wangu mmoja amepasuliwa, nitarudi, na siku hiyo sitashindwa. Nikaona heri nijifungie mlango mwenyewe, na ufunguo niwape watu wa serikali."

Halafu akamgeukia Bergur. "Nimekuacha ubebe mzigo wangu. Kamba yako ilianguka nikiiona. Sina la kujitetea."

Bergur akaiokota ile chapati yake. "Mzee Ketill," alisema, "mbao mbili za ubavuni zimepasuka. Njoo na nyundo."

Watu wakacheka tena, ila safari hii kicheko cha kushusha pumzi. Jumatatu Baba alikwenda na nyundo, goti na yote, na wale wenzake watatu wa kutazama mawingu wakaja pia, kila mmoja akidai alikuwa anapita tu.

Nisikupambie maneno, si kwamba kila kitu kimekuwa shwari. Bata wengi wamehama Krossey, na waliobaki, manyoya yao yanaloa mvua bila mtu wa kuyaokota. Bibi Thorgerd anasema tumefuga simba zizini, na siku nyingine naona hajakosea sana. Baba bado anasema "yule mwizi." Lakini mimi, dada, nalala usingizi. Tangu mwezi wa nne sikuwa nimelala vizuri.

Sasa nikwambie lililonifanya nichukue kalamu. Tukirudi kwa boti Jumapili ile, nilimwuliza Baba alijuaje mahali pa kupiga simu. Akaivusha boti mkondo kwanza. Kisha akasema, "Sigurlaug aliniambia. Siku ile mezani, kabla sijamfukuza. Alisema ukikiona kiota usikisogelee, wapigie watu wa hifadhi. Nilisikia kila neno. Nilijifanya kiziwi." Baadaye kidogo, bila kuulizwa, akaongeza kwamba Ragna alipomsifu kwenye simu kwa kujua taratibu, alimwambia asimsifu yeye, ana binti anayeyajua haya. Nililia palepale. Akasema nifunge kitambaa vizuri, upepo unaniingia machoni.

Asubuhi hii amenikuta naandika. Ameuliza namwandikia nani, ingawa mezani nimeweka bahasha yenye jina lako. Akazunguka jikoni, akafungua kabati, akalifunga. Amesema nisithubutu kukuandikia kwamba amekukumbuka. Amesema hivi, nami naandika kama alivyosema: "Mwandikie kinda ni mzima. Ataruka mwezi wa nane. Mwambie boti ina nafasi."

Wasalimie wote wa huko wanaokutunza. Majirani wanakusalimu, na Bergur anasema usilete mvua. Kaa salama, dada yangu, na ukija funga koti vizuri.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Hallbera