Kichupa Chenye Ukungu

Suna, Jumanne jioni, Agosti 1995

Sikuliamini jibu la Ouma, mwenzangu wa maabara. Aliandika kwamba Mama Akinyi, anayekaribia kujifungua, ana damu ya kutosha. Viganja vyake vilikuwa vimepauka.

"Mashine haiwezi danganya, ndugu yangu," Ouma akasema.

Mashine hupitisha mwanga kwenye kichupa cha damu iliyochanganywa na dawa. Damu ikiwa nzito, humeza mwanga zaidi. Nilipokitazama kichupa, kilikuwa na ukungu, na uchafu pia humeza mwanga.

Nikakiosha, nikapima upya. Damu ilikuwa kidogo mno. Kaka yake wa kisiwani Takawiri amemtolea damu. Sasa anaendelea vizuri.

Lakini wiki hii Ouma amepima wajawazito wengine sita kwa kichupa hichohicho, na wote wamesharudi makwao. Siliamini hata jibu moja.