Nilishona Vitabu, Sasa Natumwa Kuvichana

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kabla ya yote naomba usinicheke, kwa maana mke wangu alinicheka mpaka akachoka na sasa hata yeye hacheki tena.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na minne, na kwa miaka ishirini na sita nilikuwa fundi wa kujalidi vitabu katika kiwanda kimoja cha uchapaji, kile chumba cha nyuma chenye madirisha marefu, karatasi zinaingia zimekunjwa tu na zinatoka zikiwa vitabu, na humo tulikuwa watu watano pamoja na Fundi Mkuu, mzee aliyenifundisha kazi, ambaye kila asubuhi alipitisha kidole gumba kwenye mgongo wa kila kitabu tulichomaliza jana yake, macho amefumba, na akikuta kosa anakilaza kifudifudi tu, na mwenye kosa anajijua. Laiti ungekisikia chumba kile. Gundi inachemka taratibu pembeni, uzi unapitishwa kwenye nta, na dada yetu mmoja mshonaji anaimba mstari mmoja wa wimbo tangu asubuhi mpaka jioni, sisi tunamwambia, "Dada, leo utumalizie basi huo wimbo," naye anajibu, "Nikiumaliza mtafanya kazi na nini?" Siku hizi nikibaki peke yangu nyumbani nausikia ule mstari na machozi yananilenga, sioni haya kukuambia. Jina langu pale lilikuwa Gundi, kwa sababu nikishika kazi siiachi.

Kiwanda kikafungwa mwaka juzi. Fundi Mkuu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na nashukuru hakuona meza zetu zikibebwa.

Nikaenda ofisi ya ajira kujiandikisha, na siku hiyo nilikuwa na hasira na kila aliyekuwa na kazi, nikapewa fomu yenye mstari mmoja tu wa kuandika ujuzi, nikaandika "kazi za mikono", nikairudisha, nikijisemea moyoni kwamba wakitaka kujua zaidi wataniuliza. Hawakuniuliza. Tangu hapo kila baada ya wiki mbili ofisa wa pale, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, mwenye adabu zake, ananiita baba, ananipa karatasi ya kunipeleka kwa mwajiri, mwajiri anaigonga muhuri pembeni kuonyesha kwamba nilifika, na mimi naitunza mpaka siku ya kukaguliwa. Nimepelekwa kunyonyoa kuku, na manyoya yananipigisha chafya mpaka kuku wenyewe wanashtuka. Nimepelekwa kupakia saruji na goti langu hili bovu. Nimepelekwa kwenye bwawa kuwa mwokoaji wa waogeleaji, mimi nisiyejua kuogelea, meneja akaniuliza, "Mzee, mtu akizama utafanyaje?" nikamwambia ukweli, "Nitakuita wewe." Nimepelekwa saluni kusuka nywele, wale mabinti wakatazama kipara changu, wakatazamana, wakanipa soda na muhuri, nikaenda zangu.

Karatasi zikafika arobaini na moja, zimezagaa kabatini, na mimi karatasi zilizozagaa siwezi kuzivumilia, basi nikatoa sindano na uzi wangu, nikazipanga kwa tarehe, nikazishona, nikazitia gundi mgongoni, nikazivika ngozi niliyoikata kwenye mkoba wa zamani wa mke wangu (hilo nalo lilikuwa na kesi yake), na kwa kuwa kitabu kisichokatwa kingo ni kama mtu aliyetoka nyumbani bila kuchana nywele, nikakipeleka kwa rafiki yangu mwenye duka la fotokopi na mashine ya kukatia karatasi, nikakata pande zote tatu zikawa sawasawa. Mshauri, siku ile nilifurahi ajabu. Nilipitisha kidole gumba mgongoni, macho nimefumba, sikukuta kosa.

Kosa lilikuwa upande wa pili, kwani mihuri yote ilikuwa pembeni, na pembeni ndiko nilikokata.

Siku ya kukaguliwa yule binti alikifungua, akafunua, akafunua. "Baba, mihuri iko wapi?" Nikamwambia nimeikata. "Umeikata kwa nini?" Nikamwambia, "Ili kipendeze." Akashika kichwa. Bila muhuri ni sawa na kwamba sikwenda popote, na asiyekwenda anafutwa kwenye orodha kwa miaka mitatu, na kwa umri wangu miaka mitatu maana yake ndiyo basi tena. Binti wa watu akanionea huruma, akaniombea kwa mkubwa wake nafasi moja ya mwisho, kwamba nitakapopelekwa safari hii nikikataa jina linafutwa, halafu akaniambia kwa furaha, "Baba, naona unapenda vitabu. Nimekutafutia kazi ya vitabu!"

Nikaenda mbio. Kumbe ni kiwanda cha kusaga karatasi kuukuu, na kazi ni kuyachana majalada ya vitabu vilivyotupwa, kwa sababu mashine haitaki jalada wala uzi wala gundi, inataka karatasi tupu. Msimamizi akanionyesha: shika hapa, kanyaga hapa, vuta. Akanipa kimoja nijaribu. Juu ya mgongo wake kulikuwa na kile kishono chembamba cha nyuzi mbili, nyekundu na nyeupe, ambacho alikishona dada yetu wa mstari mmoja, na mgongo ule niliutia gundi mimi. Nikasema naomba kwenda msalani. Nikakificha ndani ya shati. Niliporudi nikachana vingine viwili ambavyo sikuvijua, na msimamizi akaniambia, "Mzee una mikono wewe, anza Jumatatu."

Mke wangu nimemwambia bado hawajanijibu. Ameibeba nyumba hii peke yake tangu kiwanda kifungwe, na yeye neno lake ni moja, mchagua jembe si mkulima. Mshauri, niende nikachane, au nikatae nifutwe?

Ni mimi, Gundi.

*

Ndugu yangu Gundi,

Nilijitahidi nisicheke, nikashindwa ulipofika bwawani. Unisamehe. Ulipofika kwenye kile kishono cha nyuzi mbili nilikuwa nimeshaacha.

Nakielewa chumba chako. Nilipoanza kazi hapa gazetini mitambo ya kuchapa ilikuwa chini ya sakafu yetu, na ikiwashwa chai ilitikisika kwenye vikombe, sote tukainua macho kama watu waliosikia mgeni akibisha hodi. Sasa gazeti linachapwa kwingine, chai imetulia, na mimi kila siku saa kumi jioni bado natazama kikombe. Kwa hiyo usidhani nakusema kwa kuwa sijui unacholilia.

Lakini nitakusema. Mtu mzima mwenye ufundi wa miaka ishirini na sita anaulizwa ujuzi wake, anaandika "kazi za mikono"! Mwizi wa mifukoni naye si ana kazi ya mikono? Ulikuwa umenuna, ukataka uulizwe, ubembelezwe. Mficha uchi hazai, ndugu yangu. Binti wa watu alikutafutia kwa kile ulichomwandikia. Ofisi yake nayo siisafishi: mtu wa kipara na goti bovu anatumwa bwawani na saluni, na kwa mara arobaini na moja hakuna hata mmoja aliyeinua macho kutoka kwenye fomu akamtazama aliyesimama mbele yake. Ila ya ofisi siyawezi kutoka hapa. Yako nayaweza.

Kule kwenye kuchana usiende. Siyo kwamba ni kazi ya aibu, ni kazi halali na wapo watakaoifanya vizuri. Ni kwamba wewe utakuwa unatoka na kitabu shatini kila jioni, na kabla ya wiki kwisha watakufukuza kwa wizi. Tena vile vitabu viwili ulivyovichana, "ambavyo hukuvijua", umevitaja hapa, kwa hiyo najua bado vinakusumbua.

Sasa sikiliza. Leo, kabla hamjakaa kula, kitoe kile kitabu ulichokificha, kiweke mezani mbele ya mke wako, umweleze kila kitu kama ulivyonieleza mimi. Aliyekubebea nyumba hastahili kudanganywa kwamba "bado hawajanijibu". Umwombe radhi na ya mkoba pia. Methali yake ni ya kweli, lakini hakuna methali inayomwambia mkulima achukue jembe akabomolee nyumba aliyoijenga.

Kesho amka uwazungukie wale waliokugongea mihuri. Yule meneja wa bwawa hajakusahau, nakuapia, na wale mabinti wa saluni ndio kabisa. Kila mmoja akuandikie mistari miwili kwamba ulifika, atie saini na tarehe. Hata ukipata ishirini zinatosha kuanzia. Na usizishone! Zitie kwenye bahasha.

Ijumaa, usingoje Jumatatu, nenda kwa yule binti uombe fomu mpya. Andika: fundi wa kujalidi vitabu, miaka ishirini na sita. Mstari ukiwa mfupi, geuza karatasi uendelee nyuma. Kisha mwambie kwa mdomo wako kwa nini huwezi kuchana. Alikuombea kabla hajajua wewe ni nani, huenda akikujua atakuombea tena. Siwezi kukuahidi kwamba hutafutwa. Ukifutwa, jina lako lifutwe likiwa na ukweli wake pembeni.

Kile kitabu cha karatasi arobaini na moja kichukue, ukiweke kwapani, uende mahakamani, hospitalini, kwenye shule kongwe, popote penye madaftari ya zamani yaliyofungwa kwa kamba yasisambaratike. Usimwombe mlinzi, muulizie mtunza kumbukumbu. Usihutubie. Mpe akishike. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na yeye akikifungua atajua kimeundwa na nani.

Na wa kwanza uanze na mimi. Kamusi yangu imekatika mgongo, mwaka wa nne huu nimeifunga kwa raba. Njoo uichukue hapa gazetini Jumatatu asubuhi, saa ile ile uliyotakiwa uwe unachana. Ishone, itie gundi, ivike chochote ambacho si mkoba wa mtu. Ila kingo zake usiziguse kabisa. Mama yangu alikuwa mwalimu, na pembeni mwa kurasa zile, kwa penseli, aliniandikia maneno yote niliyomuuliza nikiwa mdogo.

Mshauri wako