Jumamosi na Usha Kwenye Njia ya Reli

Woolwich, London,
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mpendwa Shangazi Serah,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Mgongo unaendeleaje? Baridi ya huko Wundanyi imepungua? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ingawa kazi ya kutunza wazee inanichosha miguu. Najua Nickson ndiye anayekusomea barua hii. Nickson, soma polepole, usiruke mahali.

Shangazi, nimesikia kwamba tangu macho yako yaingie giza hutaki kutoka nje, hata kwenda kanisani. Habari hiyo imenikaa moyoni. Acha nikusimulie juu ya jirani yangu.

Anaitwa Usha, mama wa miaka sitini na kitu, anaishi ghorofa iliyo chini yangu. Haoni kabisa, mwaka wa tisa sasa. Mwezi wa tano aliniomba tuwe tukikimbia pamoja Jumamosi asubuhi. Tunapanda basi hadi kwenye njia ya lami ambako zamani reli ilipita. Reli iling'olewa, miti imekutana juu kama dari, na njia imenyooka hadi inapopotelea kwenye ukungu. Tunafungana mikono kwa kamba fupi, nami namweleza ninachoona: majani yanayodondoka, kunguru, mtu na mbwa wake. Usha alipanda treni ya hapo akiwa msichana. Wakati mwingine husema anasikia magurudumu, na katika ukungu ule mimi pia karibu niyasikie.

Mwezi uliopita nikamwangusha. Mbweha alikatiza mbele yetu, nikamtazama, nikasahau kusema kwamba mzizi umeinua lami. Magoti yake yalichubuka vibaya. Niliona haya sana, hata nikamdanganya kwamba Jumamosi iliyofuata nina zamu kazini.

Jumamosi hiyo, saa moja asubuhi, nikasikia hodi. Alikuwa Usha, amepanda ngazi peke yake akipapasa ukuta, na viatu vya kukimbia miguuni.

"Najua huna zamu," akasema. "Aliyeanguka ni mimi, na mimi nimeinuka. Vaa viatu."

Tulipofika katikati ya njia alifungua kamba. Akaniomba nikimbie kando yake bila kusema neno, yeye afuate vishindo vya miguu yangu tu. Niliogopa asije akaanguka tena. Lakini alikimbia, Shangazi, mabega yamelegea, uso ameuinua, kama mtu anayeelea usingizini. Tulikwenda hivyo hadi kwenye daraja. Machozi yalinitoka kimya kimya, naye akaniuliza mbona napumua vile.

Sikuandikii haya kukukaripia. Hofu ya kuanguka naielewa. Nimepewa likizo, nitafika Jumamosi tarehe kumi na tatu Desemba. Kesho yake ningependa twende kanisani kwa miguu, mkono wako begani kwangu. Tukichelewa, tutaimba wimbo wa mwisho. Ukikataa, nitakaa nawe nyumbani wala sitanuna. Ila mwambie Nickson akupigie pasi lile gauni la bluu.

Nisalimie Mjomba Titus na Mama Placida. Mungu akutangulie kila uinuapo mguu.

Mimi mtoto wako, nikupendaye nikiwa mbali,
Lorraine