Ubwabwa wa Mtani

Shangazi Klara, shikamoo.

Mimi mzima, ila mvua imefunga njia ya Jangwani. Juzi wodini Bi Ummy, mkufunzi wetu wa uuguzi, alikuwa akinipima kauli na huruma kwa mgonjwa. Nilipangiwa Mzee Kihwele, mpagazi wa Kariakoo. Kusikia ni Mhehe, mtani wetu sisi Wangoni, Ungoni ukanipanda: “Babu, kufa basi tukale ubwabwa wa matanga!”

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Bi Ummy hakucheka. Aliandika kwamba sina huruma.

Jana alfajiri mzee akafariki.

Shangazi, naogopa ulimi wangu kuliko kufeli. Na sasa wanawe wako getini pa hosteli. Wamemtuma mlinzi: “Mwambie mtani wetu ubwabwa unaiva. Mzee alisema asikose.”

Nitaumezaje?

Mwanao,
Otilia