Safu ya Nne Ameolewa na Korongo

Mpendwa Bibi Amparo, niliolewa majuma saba yaliyopita na furaha niliyo nayo haienei kifuani, ila ina mwiba mmoja ndani yake, nami nakuomba unisaidie kuuchomoa kabla haujamchoma mume wangu. Majina nimeyabadilisha yote, hata la barakoa, na ukisoma utaelewa kwa nini.

Mume wangu tumwite Nazario. Ni fundi wa friji hapa Guadalajara, na tulijuana kwa sababu friji ya mama yangu, anayeuza aiskrimu, iliharibika mara nne katika mwezi mmoja, na kila mara alikuja yeye, mara ya tatu akiwa na waridi mfukoni kando ya bisibisi, na mara ya nne akakawia mpaka mama akamwambia, "Kijana, ama unatengeneza friji ama unamchumbia binti yangu, maana yote mawili yamechukua muda mno." Akacheka, masikio yakawa mekundu. Bibi Amparo, ni masikio yaliyokunjamana kama majani ya kabeji, na mimi nayapenda kuliko kitu chochote duniani. Harusini walikuja wenzake wanane, wote shingo nene na masikio ya namna hiyo hiyo, hata shangazi yangu akaniuliza kama hawa mafundi hubeba friji kwa vichwa.

Asubuhi ya pili ya ndoa, nikiwa nakaanga mayai, aliweka sanduku mezani. Nilidhani ni zawadi. Ndani mlikuwa na barakoa ya Korongo Mweusi, mwanamieleka ambaye nimemtazama ulingoni miaka mitano. Marehemu baba yake aliivaa kabla yake, na desturi yao ni kwamba mvaa barakoa hamwambii mtu, si mchumba wala mkwe, mpaka aoe. Nililia kwa furaha kwa muda mfupi sana, kisha nikaona kilichokuwa chini ya barakoa. Vipande vya karatasi vilivyokatwa kwa mkasi, na kila kimoja nilikiandika mimi.

Sijakueleza kwamba kuna kijarida cha mashabiki, kurasa mbili tu, huuzwa mlangoni mwa ukumbi kila Jumamosi kabla ya mapambano ya runinga. Mimi huandika humo kwa jina la Safu ya Nne, kwa sababu ndipo ninapoketi na daftari langu. Wanaojua ni mhariri, Don Chon, na wenzangu wachache tunaokutana kila Jumanne kwenye duka la mikate ya mchuzi la Rufina, shabiki mwenzetu, kujadili mieleka. Na katika miaka yote hiyo hakuna niliyemchapa kama Korongo Mweusi. Niliandika kwamba akiruka kutoka juu ya kamba hutua kama gunia la mahindi. Niliandika kwamba arudishwe kwenye mapambano ya kwanza, wakati watu bado wananunua karanga. Neno jema nilimwandikia mara moja tu, kwamba akiinuka hunyoosha shingo kama anayemtafuta mtu mmoja tu ukumbini, na Don Chon akalikata, akasema hiki ni kijarida cha mieleka, si kadi ya harusi, basi likabaki daftarini mwangu.

Nazario alivitandaza vile vipande kando ya sahani. "Huyu Safu ya Nne ana mdomo wa pilipili," akasema, "lakini sijamkuta akisema uongo hata mara moja. Siku moja nitamshika mkono." Nami nikageuza mayai, nikanyamaza, na mpaka leo nimenyamaza.

Sasa nyota wa kampuni yetu ya mieleka amehamia kampuni ya Monterrey pamoja na wenzake wawili, na promota anatafuta wa kubeba pambano kuu la runinga. Wanaotajwa ni Korongo na Mwanamfalme Mwekundu, ambaye ni mpwa wa promota na anajua kupigwa picha kuliko kupiga mweleka. Promota husoma kijarida chetu, kwa kuwa ameona jinsi watu wanavyojaa au kutojaa ukumbini baada ya maneno yetu, na Don Chon anataka nijibu mimi, ukurasa wa mbele, kwamba apewe nani.

Jumanne kwa Rufina walibishana mpaka mchuzi ukapoa. Mmoja alisema mpwa atapewa tu, maana kampuni ya familia ni kama sufuria ya nyumbani, mgeni hagawiwi paja. Mwingine akajibu kwamba ndiyo sababu wote wenye kipaji wanakimbilia Monterrey. Mimi nilikuwa kimya, na Rufina, akiwa anazamisha mkate kwenye pilipili, akanigeukia.

"Na wewe bibi harusi, ulimi umeumeza pamoja na keki? Si wewe uliyetaka Korongo arudi kwenye karanga?"

Nikasema siku hizi anatua vizuri.

"Jamani, ndoa imempofusha huyu. Sasa anamhurumia hata Korongo."

Wakacheka wote, nami nikacheka, lakini neno hilo halijanitoka. Ni kweli tangu mwaka jana anatua kwa miguu yote miwili, magoti laini, kama korongo hasa, lakini sijui tena kama naona kwa macho au kwa moyo, na nikimsifu labda nawadanganya wasomaji, nikimponda nampiga mume wangu kwa kisu cha jikoni mwake mwenyewe, na nikikataa kuandika watauliza kwa nini, na mwenye kuuliza sana hatimaye hupata jibu, na barakoa ya baba yake itavuliwa na domo langu badala ya kuvuliwa ulingoni. Na nikimweleza Nazario, je, atanitazama tena kama juzi? Tulikuwa tunaosha vyombo, nikamuuliza kwa nini hugeuza kichwa kabla ya kupanda kamba, akanibusu kipajini, akasema, "Korongo anamtafuta mtu mmoja tu ukumbini." Sahani iliniponyoka, Bibi Amparo. Niseme au niendelee kunyamaza?

Bibi Harusi wa Tonalá

*

Bibi Harusi,

Hongera kwa ndoa, na sasa nikugombeze. Umebadilisha majina, vyema, kisha ukanitajia kovu la mumeo lilipo na mtaa wa karakana yake. Yote mawili nimeyafuta kabla barua yako haijachapwa. Unaogopa kumvua barakoa, na kumbe kalamu yako tayari ilikuwa imeshika kamba zinazoifunga kisogoni.

Kwa uliyoyaandika zamani hukumkosea. Hukumjua, ulilipia kiti chako, ukasema ulichokiona. Na huko kutua vizuri, unadhani alifundishwa na nani? Kosa lako ni majuma saba ya kugeuza mayai.

Sasa isome barua yako jinsi unavyosoma pambano. Lile neno la mtu mmoja ukumbini lilikatwa, halikuchapwa popote, lilibaki daftarini mwako. Mumeo amelipata wapi? Amelisoma daftari, binti yangu. Tena aliye juu ya kamba huiona vizuri safu ya nne, na humo yuko mwanamke mmoja anayeandika wakati wengine wote wanapiga kelele. Na ile friji ya mama yako, baada ya mara ya kwanza, sidhani kama iliharibika yenyewe.

Mwanamume alikuwekea mezani siri ya baba yake, akakutandazia na maneno yako juu yake. Alikuwa anakufungulia mlango. Wewe ukachungulia, ukarudi kwenye kikaango.

Leo, kabla ya chakula, weka daftari mezani kama yeye alivyoweka sanduku. Usilie wala usijitetee. Usimuulize kama anajua. Muulize alijua lini.

Makala hiyo usiiandike. Pengine macho yako bado ni mazima, lakini mwenye mume ulingoni hachagui mshindi. Mpe Rufina, ulimi anao. Kama Korongo anatua vizuri, Rufina ataliona hilo bila kuolewa naye, na akipewa yule mpwa, basi kapewa mpwa, mumeo atapanda kamba vilevile. Don Chon mwambie umeolewa na unataka kupumzika mwezi mmoja. Hakuna anayemchunguza bibi harusi kwa uvivu. Ukirudi, andika habari za kampuni na wanaokimbilia Monterrey, nayo mapambano ya Korongo mwachie Rufina moja kwa moja.

Jumamosi nenda ukumbini, maana kiti chako kikiwa kitupu kitazungumza. Daftari liache nyumbani. Akigeuza kichwa kabla ya kupanda kamba, usimpungie mkono wala usimtumie busu, kwani macho ya ukumbi mzima yatafuata mkono wako. Nunua karanga, keti safu ya nne, akuone.

Amparo