Goti la Rodrick na Fainali ya Ngumbo

Kijiji cha Mapera,
Mbinga.
14 Agosti, 2024

Mpendwa dada Emerensiana,

Shikamoo dada. Hujambo huko Mwanza? Shemeji na watoto hawajambo? Na ule mgongo wako umepoa? Sisi tunapumua, Mungu anasaidia, ila baridi ya mwaka huu ni ya kutukomesha. Ningekupigia simu, lakini nyumba hii ukikohoa chumbani wanasikia jikoni, na haya sitaki Rodrick ayasikie. Barua nampa jirani yetu Cleopa, anayekuja huko. Kesho anapanda basi pale Kitai.

Chuo chetu cha Luhekela kimeingia fainali ya kanda ya vyuo, ya kwanza tangu kijengwe, na mwanetu Rodrick ndiye golikipa. Unavyonijua mimi na mpira, ungetegemea nikuandikie kwa vifijo. Wapi! Naona giza tupu.

Tunacheza Jumamosi ya wiki ijayo na chuo cha uvuvi, kwao Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa. Uwanja wetu umeinama kama paa la nyumba. Kila mechi kipindi cha kwanza tunapandisha, cha pili tunateremka na mabao. Kule ni tambarare, mchanga na jua kali. Mabeki wetu watakuwa hoi kabla ya mapumziko. Wana winga mmoja nilimwona mwezi uliopita, yule hakabiki. Kombe la kanda ya Songea atachukua nani? Sijui, na sitaki kujua.

Lakini hayo ni ya mpira tu. Kinachoninyima usingizi ni goti. Kwenye nusu fainali Rodrick aliruka kudaka kona, akatua vibaya. Daktari anasema kano imechanika, na akicheza kabla haijapona anaweza kuchechemea maisha yake yote. Mtoto hata mke hajaoa, dada!

Kocha wao, mwalimu Praygod, hamlazimishi. Anasema atampanga akitaka mwenyewe. Tatizo ni sisi wa Mapera. Mwezi wa saba, ili Rodrick asikose mazoezi, majirani walinifanyia ngokela: walikuja wote shambani wakachuma kahawa yangu yote, nasi tukawapikia pombe na kuchinja mbuzi. Unajua kwetu ngokela hailiwi bure, waliokusaidia lazima nawe uwafanyie kazi. Basi mzee Adolf akasimama akasema, "Hatutaki jembe lenu. Rodrick atatulipa golini." Watu wakapiga makofi, Rodrick akakubali. Tulicheka sana siku ile.

Sasa kila jioni mzee Adolf anapita kuuliza, "Kipa wetu anaendeleaje?" Hasemi mwanao, anasema kipa wetu. Nimemkataza Rodrick asicheze. Akanijibu kwa upole, "Baba, wamechuma kahawa yetu. Nikae benchi nawaangalia?" Na mimi ndiye niliyemlea hivyo. Mama yake, Tereza, anamkanda goti kwa maji ya moto, huku anafuta machozi kwa kitenge.

Kipa wa akiba ni Hyasinti, kijana mzuri wa tabia, ila krosi zote zinamponyoka. Kwa hiyo hata Rodrick akianza kuchechemea, hatatolewa maadamu bado tuna matumaini. Mashabiki watapiga kelele abaki. Atatolewa tukishazama kwa mabao.

Bibi Restituta anakusalimu, anauliza dagaa wake wako wapi. Tadea amejifungua salama, mtoto wa kike. Nisalimie shemeji Nathaniel, na Ida umwambie mjomba wake anamkumbuka.

Jumamosi hiyo, ukienda misa ya asubuhi, usituombee ushindi. Tangu nizaliwe hujanisikia nikisema hivi. Omba wavuvi watupige matatu ya haraka, mtoto atoke uwanjani kwa miguu yake.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Mdogo wako akupendaye, mwenye moyo mzito,

Alphonce